Uonevu wa Mtandaoni: Madai Manane Yanayotupa Ruhusa ya Kunyamaza

Taja uonevu wa mtandaoni kwenye kikao cha wazazi Kihonda, mjini Morogoro, kwenye kijiwe cha bodaboda Msamvu au barazani kwa mtu kule Kinole, majibu hayakawii. Ni utani wa watoto. Ni mambo ya Dar. Binti kajitakia mwenyewe. Mnyang'anye simu, yataisha. Wanaoyasema haya si watu wabaya; ni walimu, wazazi, viongozi wa dini, na mara nyingine vijana wenyewe. Lakini majibu hayo yanawaacha watoto wetu peke yao pale wanapotuhitaji zaidi, na ndiyo maana nataka kuyajibu moja baada ya jingine.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Marafiki wawili wakijibizana kwa hasira usiku na asubuhi wakapatana, huo ni ugomvi. Uonevu ni pale mtu au kundi linapotumia simu kumtisha, kumdhalilisha, kumtenga au kumchafua mwenzao, huku anayeonewa akiwa hana nguvu sawa ya kujitetea. Ni akaunti ya uongo iliyofunguliwa kwa jina la msichana na namba yake ikawekwa hadharani. Ni siri ya familia iliyowekwa kwenye stetasi. Ni kijana anayeambiwa atume hela, la sivyo picha zake zitarushwa.

Ukiyaweka madai haya manane pamoja utaona yanafanya kazi moja: yanamtoa mtazamaji kwenye kosa. Yanambakiza mwonevu mmoja na mwonewa mmoja, na sisi wengine tunahesabika kuwa tulikuwa tunapita tu. Mimi nashikilia kwamba uonevu wa mtandaoni hauwezi kuishi kwa mtu mmoja. Anauanzisha mmoja, wanaoulisha ni wengi, na wengi wao ni watu wa karibu.

Dai la kwanza: "Ni utani tu, watoto wanataniana."

Hapa kwenye milima ya Uluguru hatuhitaji kufundishwa utani. Ukoo kwa ukoo, kabila kwa kabila, watu wametaniana kwa vizazi vingi, tena kwa maneno makali ambayo mgeni akiyasikia hudhani ngumi zinafuata. Nenda msibani uone. Watu wamelia usiku kucha, kisha mtani anaingia, anaigiza mwendo wa marehemu, anadai alipwe kwanza ndipo azike, na waombolezaji wanajikuta wanacheka huku wakifuta machozi. Hakuna anayekasirika. Mkono wa mtani huyo huyo ndio unaoshika jembe la kuchimba kaburi. Mwaka 1963 mwanaanthropolojia wa Marekani, James Christensen, alichapisha makala kuhusu utani wa Waluguru, na tangu kwenye kichwa cha makala aliuweka mzaha na wajibu pamoja, kwa sababu ndivyo alivyoukuta.

Kwa hiyo utani una masharti yake. Anayetaniwa ana haki ya kurudisha, palepale, kwa ukali uleule. Maneno yanasemwa mbele yake, akimwona msemaji usoni. Na anayetania ana deni: siku ya shida lazima afike.

Sasa chukua stika ya WhatsApp. Mwanafunzi mmoja amepigwa picha akiwa amesinzia darasani, mdomo wazi. Mwenzake anaikata picha hiyo, anaondoa mandhari ya nyuma, anabandika maneno juu ya uso, anaituma kwenye grupu la darasa. Wanaoipokea wanaigusa, wanaihifadhi, na tangu hapo kila mmoja anayo mfukoni. Siku ya pili inatumwa kujibu swali la hisabati. Wiki ya pili iko kwenye grupu la shule nyingine. Mwenye uso hawezi kurudisha, maana hamjui hata nusu ya wanaoitumia. Wanaomcheka hawamwoni usoni. Na akilazwa hospitali kesho, hakuna hata mmoja kati yao mwenye deni la kwenda kumwona.

Hakuna sharti la utani lililotimia hapo. Tukiendelea kuuita utani, tunauvunjia heshima utani wenyewe na tunamnyima mtoto haki ya kusema kwamba ameumia. Wahenga walionya mapema: mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Dai la pili: "Maneno hayaui. Azime simu, yamekwisha."

Kuzima simu yako hakuzimi simu za wenzako. Hili ndilo jambo ambalo sisi tuliokua kabla ya mitandao tunachelewa kulielewa. Mtoto anaweza kukaa bila simu mwezi mzima na bado akajua kwamba kila anayemsalimia njiani huenda ameiona ile picha. Anaingia darasani na kujaribu kusoma nyuso: huyu ameiona, yule bado. Kichwa kinashughulika na hilo tangu mstarini asubuhi hadi kengele ya mwisho, na mwalimu anashangaa kwa nini alama zimeshuka.

Septemba 2019 UNICEF ilitoa matokeo ya maoni ya vijana wa miaka 13 hadi 24 kutoka nchi 30. Zaidi ya vijana 170,000 walijibu. Zaidi ya theluthi moja walisema wamewahi kuonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema amewahi kukosa shule kwa sababu hiyo. Tafakari maana yake kwa familia ya mkulima wa Mgeta iliyouza kabichi na karoti za msimu mzima ili mtoto apate sare, madaftari na nauli. Maneno ambayo "hayaui" yanaweza kuliteketeza jasho hilo lote bila mtu kuinua mkono.

Na mwili nao hauachwi. Mtoto anakosa usingizi, anaumwa kichwa na tumbo bila malaria kuonekana kwenye kipimo, anaacha kula na wenzake, anaacha kwaya au mpira alioupenda. Wengine hufika mahali pa kutaka kujidhuru. Mzazi akiona dalili hizi zimekuja ghafla, aulize kwa upole kabla hajafikiria kurogwa au ukaidi.

Dai la tatu: "Hayo ni ya Dar na Ulaya. Huku milimani hakuna."

Aliyewahi kupanda Bondwa ameiona minara ya mawasiliano pale kileleni, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ikiutazama mji wa Morogoro upande mmoja na mabonde ya Uluguru upande mwingine. Mawasiliano yamefika milimani siku nyingi. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulikuta kwamba asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Wengi hawana simu zao wenyewe. Wanatumia ya kaka, ya mama, ya rafiki anayesoma chuo mjini, na hiyo inatosha. Katika yale maoni ya 2019 asilimia 34 ya waliojibu kutoka nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walisema wameonewa mtandaoni, kiwango kinachokaribiana na cha nchi zote 30. Umaskini haujawahi kuwa kinga ya jambo hili.

Mimi nasema zaidi ya hapo: kijijini maumivu yanaweza kuwa makubwa kuliko mjini. Msichana wa Dar akichafuliwa Sinza anaweza kuhamia kwa shangazi yake Mbagala na kuanza upya kati ya watu wasiomjua. Wa Nyandira au Matombo ataenda wapi? Anaokutana nao kisimani, kanisani au msikitini, sokoni siku ya gulio, ni watu walewale waliomo kwenye grupu la "Vijana wa Nyumbani", ambalo ndani yake wamo pia waliohamia Dar na Morogoro mjini. Picha inatoka kijijini asubuhi, inapita Kariakoo mchana, inarudi kijijini jioni ikiwa imeongezewa chumvi.

Tena Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto anahesabiwa kwa upande huo, na wajomba wana sauti juu yake. Kwa hiyo doa linalobandikwa kwa binti halimwishii yeye. Linapanda kwa mama yake, kwa bibi, kwa wajomba. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapokosea: ukoo unakaa kikao cha kumhukumu binti aliyewatia aibu, wakati ungepaswa kukaa kikao cha kumlinda. Nguvu hiyo ya ukoo ni hazina. Mjomba anayesimama na kusema "huyu ni mtoto wetu, anayesambaza picha yake ana kesi nasi" anaweza kuzima moto wa kijiji kizima kwa siku moja.

Dai la nne: "Hayo ni matatizo ya wasichana. Mvulana anavumilia."

Mvulana hanyamazi kwa sababu haumii. Ananyamaza kwa sababu ameambiwa tangu akiwa mdogo kwamba mwanamume halii. Wavulana huonewa kwa ufupi wao, kwa sauti, kwa viatu vilivyotoboka, kwa namna wanavyotembea. Wanatengenezewa video za kuhoji uanaume wao. Wanashawishiwa na akaunti yenye picha ya msichana mzuri watume picha za utupu, na dakika kumi baadaye wanadaiwa fedha. Mtoto mwenye ualbino, mwenye kigugumizi au mwenye ulemavu anapigwa picha kwa siri na kugeuzwa kichekesho. Tukisubiri walie ndipo tuamini, wengine hatutawasikia kabisa.

Dai la tano: "Wanaofanya hivyo ni watu wasiojulikana, wenye akaunti feki."

Akaunti inaweza kuwa feki. Aliyeifungua mara nyingi anakaa mtaa wa pili. Ule utafiti wa 2022 uliwatazama watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono kwa kutumia mitandao, na ukaonyesha kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto alikuwa anamfahamu tayari. Kwenye yale maoni ya UNICEF ya 2019, asilimia 39 ya vijana walisema wanayajua magrupu ya siri ndani ya jumuiya ya shule zao, ambamo wanafunzi hupeana habari za wenzao kwa lengo la kuwaonea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Angalia namna uonevu wenyewe unavyofanyika. Akaunti isiyo na jina inamwita msichana kwa jina analoitwa nyumbani tu. Inajua nani alimposa dada yake. Inaweka picha iliyopigwa kwenye mahafali, kutoka upande waliokaa watu watatu tu. Mgeni wa mbali hawezi kuyajua haya. Ni rafiki aliyekosana naye, mpenzi waliyeachana naye, ndugu mwenye wivu, mwanafunzi mwenzake aliyeshindwa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi.

Jambo hili linauma kulisikia, lakini lina faida yake. Kama mwonevu angekuwa mtu wa mbali asiyejulikana, tungekuwa hatuna la kufanya. Akiwa mtoto wa jirani, ana mama, ana mwalimu, ana sheikh au mchungaji, ana kocha. Anafikika. Na wale wanaomcheka grupuni wanafikika pia. Mtu mmoja anayeheshimika akiandika "hii tuifute, si haki" hubadili hali ya hewa ya grupu zima, kwa sababu wengi waliokuwa wakicheka walikuwa wanasubiri mwenzao atangulie kukataa.

Dai la sita: "Kajitakia. Angejiheshimu asingejipiga picha."

Hili ndilo dai linalonikera kuliko yote, na ndilo lenye wafuasi wengi.

Mkoa huu una kidonda chake. Mwaka 2016 nchi nzima ilitikiswa na tukio la Dakawa, wilayani Mvomero: mwanamke kijana alifanyiwa ukatili wa kingono kwenye nyumba ya wageni, tukio likarekodiwa kwa simu, na video ikasambazwa. Polisi waliwakamata watuhumiwa wa kitendo chenyewe, na wengine wakafikishwa mahakamani kwa tuhuma za kusambaza. Waliomtendea unyama ndani ya chumba kile walihesabika kwa vidole. Waliouingiza ule unyama kwenye simu za ofisini, za daladala na za vijiweni hawakuhesabika. Kila aliyeituma kwa mwenzake na kuandika "umeiona hii?" alimrudisha yule mwanamke kwenye chumba kile mara nyingine.

Miaka minane baadaye ikatokea tena. Agosti 2024 ilisambaa video ya binti wa Yombo Dovya, Dar es Salaam, akifanyiwa ukatili na kundi la vijana. Septemba 30, 2024 mahakama jijini Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Kati ya mwezi ule wa video na siku ile ya hukumu, nchi ilisikia maneno ya kumshusha binti huyo, hata kutoka kwa mwenye dhamana ya usalama, na kamanda wa polisi wa mkoa aliyenukuliwa akiyasema aliondolewa kwenye nafasi yake. Naona somo hapo. Dai la "kajitakia" lina nguvu kiasi kwamba linaweza kumtoka hata aliyeapishwa kumlinda aliyeonewa.

Watu watasema: lakini hao walibakwa; mimi nazungumzia anayejipiga mwenyewe. Basi tulichukue hilo. Msichana amempenda kijana, akamwamini, akamtumia picha. Huenda hakuwa na busara. Lakini aliituma kwa mtu mmoja. Aliyeituma kwa watu mia moja ni mwingine, na ndiye aliyevunja ahadi na sheria. Kuna wasiojipiga picha yoyote kabisa: uso wao unachukuliwa kutoka kwenye picha ya ubatizo au ya mahafali na kubandikwa kwenye mwili wa mtu mwingine, kazi ambayo programu za akili unde zimeifanya iwe ya dakika chache. Huyo naye amejitakia nini?

Kumshauri mtoto asijipige picha za utupu ni malezi mema, na tuendelee kumshauri. Lakini ushauri una wakati wake. Ukitolewa kabla ya jambo ni kinga. Ukitolewa siku anayolia mbele yako unakuwa hukumu, na unamfundisha kwamba siku nyingine afadhali alie peke yake. Vijana wetu wanaotafutana kwa ajili ya "koneksheni" mpya, yaani picha na video za utupu zilizovuja, wanajua vizuri kwamba aibu itamwangukia aliyemo kwenye picha. Siku aibu itakapoanza kumwangukia anayeitafuta na kuituma, biashara hiyo itakosa wateja.

Dai la saba: "Dawa ni kumnyang'anya simu."

Shule zetu tayari zinakataza wanafunzi kuwa na simu, na kila mwalimu wa zamu anajua kwamba uonevu haujaisha. Unaanza likizo, unakua wikiendi, unaingia bwenini ukiwa umebebwa vichwani. Kwa mtoto mdogo, kumwekea mpaka wa saa na wa programu ni wajibu wa mzazi. Ninachokipinga ni kunyang'anya kama jibu la mtoto aliyekuja kusema ameonewa.

Fikiria anavyoelewa yeye. Ameonewa, akajikaza akasema, na aliyeadhibiwa ni yeye. Mdogo wake aliyekuwa anasikiliza nyuma ya pazia amejifunza pia: ukisema, unapoteza simu. Hivyo ndivyo ukimya unavyotengenezwa nyumbani kwetu, kwa mikono yetu. Utafiti wa 2022 ulikuta watoto wengi walioumizwa humwambia rafiki, kama wanasema kabisa, na ni nadra sana kufika polisi au kupiga simu ya msaada.

Tena simu hiyo ndiyo ushahidi. Ndani yake mna namba, tarehe, saa, maneno yenyewe na majina ya waliomo grupuni. Mzazi anayeifuta kwa hasira au kuivunja ukutani ameisaidia kesi ya mwonevu.

Kinachosaidia zaidi ni maneno machache yanayosemwa mapema, kabla hakijatokea kitu: "Likikupata jambo kwenye simu, hata kama wewe mwenyewe ulikosea, njoo uniambie. Tutalitatua kwanza, mengine tutayaongea baadaye." Na kama mzazi anajijua kuwa mkali, amtafutie mtoto mtu mwingine wa kumwendea. Mila yetu imetuandalia watu hao: bibi, shangazi, mjomba, somo. Waambiwe waziwazi kwamba hii nayo ni kazi yao.

Dai la nane: "Hata ukienda polisi, sheria haina kitu."

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, inakigusa kitendo hiki moja kwa moja. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni kuna kifungu chake, cha 15. Kusambaza ponografia kuna kifungu cha 14. Na aliyemo kwenye picha akiwa na umri chini ya miaka 18, kifungu cha 13 kinahusika, na kifungo chake hakipungui miaka 7. Huyo anayesema "mimi nilifowadi tu" ajue kwamba sheria haimtambui kama mpita njia.

Nakubali kuna sababu ya watu kutoiamini. Wengi waliisikia sheria hii mara ya kwanza kupitia kesi za watu walioandika dhidi ya viongozi, wakaiona ni fimbo ya wakubwa. Na wapo waliofika kituoni wakaulizwa kwa nini walijipiga picha. Makosa hayo ni ya watekelezaji, na yanapaswa kukemewa. Hayamnyang'anyi mtoto haki aliyopewa na sheria.

Kwa hiyo likitokea, zifuatwe hatua hizi. Usijibu matusi, usilipe anayedai fedha, maana akilipwa mara moja hurudi. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa. Hifadhi na sauti zilizotumwa. Lakini kama picha ni ya utupu ya mtoto, usiizungushe kwa ndugu hata kwa nia ya kuomba ushauri; peleka simu yenyewe. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Kama kufika ni vigumu, mtoto au mtu mzima apige 116, Simu ya Msaada kwa Mtoto inayoendeshwa na C-Sema, bila malipo. Laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo anayetukana kwa laini asidhani hana jina. Kwa picha za utupu za aliye chini ya miaka 18, ipo huduma ya kimataifa ya Take It Down, iliyoanza Februari 2023, inayosaidia kuzizuia kwenye mitandao mikubwa bila mtoto kulazimika kuipakia picha yenyewe kwa mtu yeyote.

Na kama mwonevu naye ni mtoto? Mara nyingi ndivyo ilivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na ina mahakama yake ya watoto. Simwombei msamaha wa bure. Awajibike: afute, aombe radhi mbele ya aliowashirikisha, mzazi wake aitwe, na kwa kosa zito afike mahakamani. Lakini viboko mbele ya mstari na picha ya adhabu ikarushwa grupuni ni kumfundisha somo lilelile lililomleta pale, kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumdhalilisha mnyonge watu wakitazama.

Madai yote manane nimeyajibu kwa sababu moja. Kila dai linatafuta mtu mwingine wa kubeba mzigo: mtoto avumilie, binti ajiheshimu, Dar ijirekebishe, mgeni asiyejulikana alaumiwe, polisi wachekwe. Sisi tulio na picha hiyo kwenye simu zetu sasa hivi hatutajwi popote. Nasi tutajwe. Grupu lenye watu mia moja lina mwonevu mmoja au wawili. Waliobaki ndio wanaoamua kama uonevu utafika kesho.

Kwa hiyo walimu wa Morogoro, liwekeni jambo hili kwenye kikao kijacho cha wazazi, na kila shule iwe na mwalimu mmoja ambaye mwanafunzi anajua anaweza kumwendea bila kuulizwa kwanza kosa lake. Wajomba na mashangazi, chukueni nafasi yenu. Wasimamizi wa magrupu, mna kitufe cha kufuta na cha kumtoa mtu. Vitumieni siku hiyohiyo, msingoje lawama. Na wewe kijana, hakuna anayekudai uwe shujaa wa nchi nzima. Picha ya mwenzako ikikufikia, ikomee kwako. Kisha umpigie umwambie kwamba uko upande wake.